Miguu ikigoma, pima mdundo kwanza

Zoezi la kumtembeza kwa mdundo mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, mara nyingi huharibika kabla hajainuka kitini. Mtu anafungua simu, anaweka metronomu, yaani programu inayopiga mapigo ya kasi moja, kwenye 120 kwa dakika kwa sababu namba imempendeza, kisha anamwambia mzee afuatishe. Mzee anajitahidi. Hatua zinakuwa fupi na za mbiombio, kifua kinatangulia miguu, na asipodakwa anaanguka. Kasi ya mdundo haichaguliwi kwa kukisia. Inatoka kwenye miguu ya mgonjwa mwenyewe, na kuipata unahitaji chaki, futi ya kupimia na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Tafuta njia iliyonyooka ya mita 14, ukumbini au uani. Piga mstari mita 2 baada ya mwanzo na mwingine mita 2 kabla ya mwisho, ili zibaki mita 10 katikati. Vipande vya pembeni havihesabiwi, maana pale mtu bado anashika mwendo au ameshaanza kusimama. Atembee kama anavyotembea siku zote, bila sauti yoyote, na usimwambie aharakishe. Hesabu sekunde na hatua za zile mita 10. Kila unyayo unapotua ni hatua moja, wa kulia na wa kushoto.

Tuseme ametumia hatua 24 kwa sekunde 14. Gawanya 24 kwa 14, zidisha kwa 60: ni kama hatua 103 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi yake. Kisha gawanya mita 10 kwa hatua 24: kila hatua ina sentimita 42 hivi. Namba hii ya pili wengi hawaiandiki, na ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama mdundo unamsaidia au unamuumiza. Rudia mara tatu, akipumzika katikati, uchukue wastani. Pima wakati dawa imeshika. Mgonjwa anayetumia levodopa, dawa ya Parkinson, aliyepimwa saa dawa imekwisha nguvu ni kama mtu mwingine kabisa, na mdundo uliotokana na kipimo hicho hautamfaa saa nyingine.

Kwa nini sauti inasaidia? Katika Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na sehemu za ndani zinazoitegemea hushindwa kuendesha mwendo bila mtu kuufikiria. Miguu bado ina nguvu. Kinachopungua ni ile ishara ya ndani ya lini hatua inayofuata itoke. Mdundo wa nje unatoa ishara hiyo, na inadhaniwa kwamba unapitia njia nyingine za ubongo ambazo hazijaathirika sana. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake wa Colorado State University, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi nyumbani dakika 30 kila siku kwa wiki 3, wakifuata kanda za muziki uliotiwa mapigo ya metronomu. Kasi ya kutembea iliongezeka kwa asilimia 25 na urefu wa hatua kwa asilimia 12.

Siku ya kwanza weka metronomu kwenye 103 ileile, usiongeze kitu. Aanze amekaa, apige paja kwa kiganja mpaka aingie kwenye mapigo. Asimame, ahamishe uzito kushoto na kulia kwa mapigo manane. Ndipo atembee, kisigino kikitua pale sauti inapolia. Ukiona amezoea, panda asilimia 5, yaani 108. Baadaye 113, ambayo ni asilimia 10. Kila unapopanda, hesabu tena hatua za mita 10. Zikibaki 24 au zikipungua, endelea. Zikifika 27, hatua imeshuka hadi sentimita 37: anakimbizana na sauti badala ya kutembea. Rudi nyuma.

Wale ambao miguu hugoma ghafla, kama imegundishwa sakafuni, wana hesabu yao. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2006 kwamba mdundo uliopandishwa asilimia 10 hufupisha hatua za wagonjwa hawa, na wakapendekeza ushushwe asilimia 10 chini ya kasi ya kawaida. Kwa mfano wetu ni 93. Wahudumu wengi wanaona ajabu kumpunguzia kasi mtu ambaye tayari anatembea polepole, lakini mdundo wa taratibu unampa nafasi ya kutupa hatua ndefu.

Miguu hugoma zaidi mlangoni, kwenye kona na penye watu wengi. Ikigoma, usimvute mkono. Ukivuta, kiwiliwili kinakuja na nyayo zinabaki, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Mwambie kwa sauti ya kawaida: “Baba, simama kwanza. Nyooka.” Ahamishe uzito kushoto, kulia, kushoto, kulia pamoja na mapigo, kisha pigo linalofuata atupe hatua moja kubwa. Kugeuka ni vivyo hivyo: asizunguke papo hapo kwa mguu mmoja, apige duara pana, hatua moja kwa kila pigo. Wewe kaa nyuma yake kidogo, upande ulio dhaifu.

Makofi ya msaidizi tunayakataa, ingawa yanatumika sana. Mtazame anayepiga: macho yake yako kwenye miguu ya mgonjwa. Mgonjwa akichelewa kidogo, makofi nayo yanachelewa. Akianza kukimbiakimbia, makofi yanakimbia naye. Dakika mbili baadaye anayeongoza ni mgonjwa. Metronomu ya simu haina huruma hiyo. Spika ya bluetooth haina shida, kwa kuwa ucheleweshaji wake ni uleule kwa kila pigo, hivyo nafasi kati ya mapigo haibadiliki.

Muziki unafaa kwa mtu anayechoshwa na tiktiki, ila uwe na kasi isiyobadilika na ngoma inayosikika wazi. Taarabu yenye utangulizi mrefu wa fidla humwacha mtu akisubiri mguu mmoja hewani. Chakacha ina midundo inayopishana, wengine wanaingia upesi na wengine wanababaika. Jaribu akiwa amekaa: akishindwa kupata pigo kwa kiganja, kwa miguu hatalipata. Programu zinazobadilisha kasi ya wimbo bila kuharibu sauti zinasaidia kuufikisha kwenye namba yake. Kuimba kimoyomoyo nako kunafaa. Gammon Earhart na Elinor Harrison wa Washington University in St. Louis wamelichunguza jambo hilo, na faida yake kwa mtumiaji ni kwamba wimbo wa kichwani hauishiwi chaji.

Avae viatu vya kufunika vyenye kushika kisigino. Ndala ziwekwe mbali, na soli ya mpira inayonata sana pia haifai mtu anayeburuta unyayo. Akitoka nje, sauti iwe sikio moja tu, jingine lisikie pikipiki. Kabla ya kuinuka akae wima dakika chache, kwani shinikizo la damu hushuka ghafla kwa wengi wao. Na usimpigishe stori akitembea. Akijibu swali, mdundo unampotea.

Akishazoea, zima sauti kidogo kidogo: dakika mbili iwepo, moja isiwepo, uone kama anaishika kasi mwenyewe. Usitegemee abaki hivyo moja kwa moja. Utafiti uliofanyika Leuven, Newcastle na Amsterdam, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha wagonjwa 153, ulikuta mwendo unaimarika baada ya wiki 3 za mazoezi ya nyumbani, lakini wiki 6 baada ya mazoezi kusimama sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepotea. Kwa hiyo simu ikae karibu na kitanda, namba yake iandikwe ukutani, na kila daktari akibadilisha dozi mita 10 zipimwe upya, maana 103 ya dozi ya zamani huenda isiwe yake tena.