Madawati kwenye mizani

Jirani anaweka geti jipya. Fundi anachomelea tangu asubuhi, na ile harufu ya chuma kilichoungua na rangi inayobabuka imeingia mpaka jikoni. Nikiisikia tu, mawazo yanarudi kwenye yadi ile ya skrepa nyuma ya gereji, Juni 2019.

Shule yenyewe ni ya msingi, ya serikali, hapa Moshi. Juu inapakana na barabara, chini inaishia kwenye korongo la kushukia Mto Rau. Uzio haikuwa nao, na njia ya miguu ilikatiza katikati ya uwanja kwa sababu ndiyo njia fupi ya kwenda sokoni Mbuyuni. Ng'ambo ya barabara ipo ile ya binafsi, yenye ukuta, waya wa umeme juu yake, walinzi wawili wa zamu, na taa zinazowaka usiku kucha.

Wizi mtaani ulianza na vitu vidogo. Koki za bombani, mita za maji, betri za bajaji, nguo pamoja na kamba zake. Baadaye simu zikaanza kuporwa saa moja jioni, watu wakiwa njiani kurudi makwao. Tukaunda ulinzi shirikishi: vijana sita, filimbi, tochi na rungu, zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kila kaya shilingi 2,000 kwa mwezi. Ulinzi wa namna hii huwa unakufa kwa ugonjwa ule ule. Mwezi wa kwanza karibu kila mtu analipa. Kufika wa tatu, mpangaji anasema mwenye nyumba ndiye alipe, na mwenye nyumba anasema alipe anayelala humo. Posho ikipungua, vijana wanakwenda kulala saa nane, na wezi huijua saa nane hiyo kabla mwenyekiti wa mtaa hajaijua. Tena zamu zilipangwa kwa kufuata daftari la kaya zilizolipa. Shule si kaya, kwa hiyo haikuwa kwenye daftari, na hakuna aliyeona ajabu.

Shule ilikuwa na mlinzi wake zamani, mzee mmoja mwenye koti refu, aliyelipwa kwa mchango wa wazazi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango, na elimu bila malipo ikaanza Januari 2016, mchango wa mlinzi uliondoka pamoja na mingine. Sitaki nieleweke vibaya. Waraka ule uliwarudisha darasani watoto waliokuwa wakifukuzwa kila Jumatatu kwa sababu ya shilingi elfu mbili tatu, na darasa la kwanza la mwaka ule lilifurika mpaka mlangoni. Shida ni kwamba kazi aliyoifanya yule mzee haikufutwa na waraka. Ilibaki, bila mtu wa kuifanya.

Hesabu yake ni hii. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi wakati ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizoingia kwenye akaunti ya shule. Kwa watoto 1,100 inakuwa 550,000 kwa mwezi, zikija zote. Humo humo utoe chaki, karatasi za majaribio, umeme, maji, kitasa kilichovunjika, choo kilichoziba. Mlinzi wa usiku, kwa bei ya Moshi ya wakati ule, hakubali chini ya 150,000, ambayo ni zaidi ya robo ya fedha yote. Mwalimu mkuu alichagua chaki na karatasi. Na baada ya Rais Magufuli kupiga marufuku michango shuleni Januari 2018, hata kuwaomba wazazi kwa hiari kulionekana ni kujitafutia balaa.

Wezi wakaja likizo ya Juni. Waliingia chumba cha mwisho, kile cha kwenye korongo. Bawaba za mlango zilikuwa upande wa nje, hivyo hawakuhitaji kugusa kufuli: waligonga pini kwa msumari, wakauinua mlango mzima na kuuegemeza ukutani. Madawati yalikuwa ya ile kampeni ya taifa ya madawati ya 2016, fremu ya chuma na mbao za kukalia na kuandikia zilizofungwa kwa bolti. Walikuja na spana namba kumi, wakafungua mbao zote na kuziacha zimepangwa pembeni, maana ubao hauuziki skrepa. Walibeba fremu tu. Ishirini na tatu. Dawati moja ni la watoto watatu, kwa hiyo ni watoto 69 waliokuwa wakirudi Julai kukaa sakafuni.

Tulifuata utaratibu: barua ya mwenyekiti wa mtaa, taarifa kituoni, namba ya RB (ya taarifa yetu kwenye kitabu cha polisi), orodha kutoka kwenye leja ya vifaa. Askari aliuliza swali moja la maana, kama madawati yalikuwa na alama. Yalikuwa na herufi za rangi nyeupe, S/M na jina la shule. Rangi hukwanguliwa kwa dakika mbili.

Siku ya tatu dereva wa guta akatuambia twende kule nyuma ya gereji. Tulikwenda wanne: mwenyekiti, mwalimu mkuu, mjumbe mwenzangu wa kamati ya shule na mimi. Fremu nyingi zilikuwa zimeshakatwa kwa grenda, miguu imefungwa mafungu kwa waya. Moja ilikuwa juu ya mizani wakati tunaingia, nzima, bado ina rangi ya kijani, na chini ya kiti herufi zetu zilikuwa zinasomeka. Mshale ulisimama kwenye kilo kumi na mbili. Bei ya chuma siku hiyo ilikuwa 500 kwa kilo. Mwalimu mkuu aliutazama ule mshale muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Elfu sita. Ruzuku ya mtoto mmoja, ya mwaka mzima."

Dawati lile lilitengenezwa kwa shilingi 70,000.

Aliyekuwa akisubiri hela yake kando ya mizani alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na tano, suruali imefungwa kwa kamba, mikono myeusi kwa kutu. Mafundi wa gereji walishaelewa kinachoendelea na walikuwa wanasogea. Mmoja alikuwa na kipande cha bomba. Mtu akasema neno "tairi", na kila aliyekaa mjini hapa anajua neno hilo likitajwa mbele ya mwizi maana yake nini. Mvulana hakukimbia. Alimwona mwalimu mkuu, akaweka mikono nyuma kama yuko kwenye mstari wa asubuhi, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu akajibu, "Marahaba."

Sauti ilimtoka ya kawaida kabisa, ile ile ya koridoni. Halafu akapita katikati ya mafundi, akasimama mbele ya kijana, akawageukia. "Huyu ni wangu. Amemaliza darasa la saba kwangu mwaka juzi. Mkimgusa mmenigusa mimi." Yule wa bomba alibaki amelishika, hajui alishushe au alinyanyue. Mwenyekiti akapata nafasi ya kupiga simu kituoni. Mimi nilisimama kwenye mizani, mkono juu ya fremu, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

Baadaye mwalimu mkuu alituambia kwamba kijana alikuwa wa kukaa nyuma, katika chumba cha watoto 94, wakati kiwango cha serikali ni 45. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. "Nilijua jina lake," alisema. "Nilichokuwa sijui ni kama anasoma."

Jumapili bibi yake alikuja shuleni na jani la sale. Kwa Wachaga, aliyekosewa akiletewa sale hana njia ya kukataa kusamehe. Lakini sale hupelekwa kwa aliyekosewa, na hapo ndipo tulipokwama. Nani aliyekosewa? Mwalimu mkuu ni mtu wa Singida, aliliangalia jani kwa heshima bila kujua alipokee kwa mkono upi. Mwenyekiti alisema mali ni ya serikali, na serikali haipokei sale. Bibi akajibu, "Waliokosewa ni watoto, nami sitawapata mpaka Julai. Mama mwalimu, wapokelee." Akapokea. Jalada la polisi liliendelea na safari yake, na mwishoni kijana aliachiwa. Kwa maelewano au kwa kukosa mashahidi, sikupata kuelezwa. Mwenye yadi, ambaye hakuwa hata na daftari la waliomuuzia, hakuulizwa kitu nilichokisikia.

Ukarabati ulitufundisha mambo ambayo shule yoyote isiyo na uzio inaweza kuyafanya kwa fedha kidogo. Pini za bawaba zichomelewe vichwa, juu na chini, zisitoke hata mlango ukiwa wazi. Kufuli likae ndani ya kiboksi cha bati nene, mkono uingie kwa chini tu, ili mkasi wa chuma usilifikie. Nati za madawati zipigwe nukta moja ya kuchomelea kila moja. Jina la shule liandikwe kwa moto wa kuchomelea kwenye fremu, mahali pawili, kwa sababu kulifuta ni lazima ukate. Kwa uzio tulipanda michongoma, mistari miwili iliyopishana, futi moja kati ya mche na mche. Inafaa kupandwa mvua za Machi zinapoanza, imwagiliwe kiangazi cha kwanza, na mbuzi wasiione kabla haijafika magotini. Ikitunzwa, mwaka wa tatu inaziba. Yetu iliziba yote isipokuwa pale kwenye njia ya Mbuyuni, ambako kila mche ulikanyagwa.

Kilichonisumbua zaidi kilikuja Januari. Wajumbe watatu wa kamati waliwahamishia watoto wao ng'ambo ya barabara. Siwalaumu, mzazi aliyeona mtoto wake amekalia tofali mwezi mzima ana haki ya kutafuta dawati. Ila walikuwa ndio wanaojua kuandika barua halmashauri, ndio wenye namba ya diwani. Waliondoka na barua hizo. Shule ikabaki na wazazi wanaouza ndizi Mbuyuni tangu alfajiri, wasioweza kuacha biashara kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi.

Kikao cha mtaa cha mwezi uliopita kilikuwa na ajenda ile ile ya mlinzi. Pendekezo ni kila kaya iongeze 500 kwenye ulinzi shirikishi, na vijana waanzie na kumalizia zamu shuleni, watie saini daftari litakalokaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mmoja wa wale waliohamisha watoto alisimama akauliza, kwa adabu, kwa nini alipie shule ambayo mtoto wake hasomi. Nilitaka kumjibu na maneno yakawa mengi mno kwa pamoja. Skrepa ya fremu zote 23 isingefika 140,000, chini ya mshahara wa mwezi mmoja wa mlinzi, na kuzitengeneza upya ni zaidi ya 1,600,000. Nimeziandika hesabu hizo kwenye karatasi. Mwenyekiti ameahirisha ajenda hadi kikao kijacho.