Kabati zisizo na vishikio

Mwaka 2019, karakana ya Keko, Dar es Salaam, mama mmoja aliagiza kabati za jikoni zisizo na kishikio hata kimoja: milango minane, droo sita. Alichoka kanga kunasa kila akipita. Mbao ilikuwa mkongo, unene milimita 18.

Nilianza na biti rahisi ya ruta, mashine ya kuchonga kingo za mbao: ile ya mshazari wa nyuzi 45, nikaipitisha nyuma ya ukingo wa mlango wa kwanza. Mshazari unapendeza, ila unafaa pale tu nyuma ya mlango pana uwazi wa vidole kuzama. Fremu yetu ilifika hadi ukingoni. Mama akavuta mara mbili.

"Vidole vinateleza, fundi."

Tena ncha niliiacha kali kama kisu, ikabanduka sehemu mbili hata vanishi haijapakwa. Ilitakiwa kubaki bapa la milimita 6 hivi.

Tukahamia biti ya mfereji wa vidole, inayochimba kwa ndani na kuacha mdomo wa kushika. Shina lake nusu inchi, yaani milimita 12.7, koleti ya ruta yetu, tundu linalobana shina, ni 12. Haiingii. Afadhali hivyo, maana kinyume chake ndiyo balaa: shina la 12 kwenye koleti ya nusu inchi huonekana limebanwa, kumbe biti inapanda yenyewe huku inazunguka. Jirani alituazima koleti. Ruta ndogo ya mkono hata sikuigusa. Ile ina spidi moja tu, kama mizunguko 30,000 kwa dakika, na biti hii ina kipenyo cha karibu milimita 38, pana mno kwa kasi hiyo. Nilishusha ile kubwa hadi 16,000, nikaifunga chini ya meza, mbao ikisukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, mara tatu, kila mara nikirudisha nyuma ubao wa kuongozea milimita 3. Ukisitasita katikati, mkongo unaungua na kuacha doa jeusi ambalo msasa hauliwezi.

Milango ilitoka safi. Droo ndizo zilizonitia aibu.

Mama alitaka nyuzi za mbao kwenye droo zisimame wima, zifuatane na za mlango. Nikakubali bila kufikiri. Mfereji wa mlango unapita ubavuni, sambamba na nyuzi. Wa droo unapita juu, kwenye ncha za nyuzi. Mdomo wa milimita 5 uliobaki ulikuwa vipande vifupi vilivyoshikana kwa bahati tu. Droo ya kwanza nilipoivuta, kipande cha urefu wa kidole kikabaki mkononi.

Nyuso zote sita nikazikata upya, nyuzi zimelala, na kati ya droo na droo nikaacha milimita 20 ili vidole vipite.

Siku ya kufunga, mama alifungua na kufunga zote, akaridhika. Kisha akasimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Sasa hiki nitaning'iniza wapi?"