Siku moja ya fundi friji: geji ilipogoma kushuka

Saa 11 alfajiri. Simu. Mama muuza samaki wa Tandika: "Mwanangu, friza imekufa, na mimi niko Feri, mzigo nimeshanunua." Nikamwamkia, nikamwambia aongeze barafu kwenye ndoo, nakuja.

Saa 2 asubuhi. Daladala imeshona, pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na maji mabombani, iko mapajani. Konda kailipisha nauli kama abiria.

Saa 3. Ugonjwa naujua kwa macho: tundu la ncha ya kisu kwenye evaporeta, mabomba ya ndani yanayogandisha. Barafu ilijaa, mama akaichokonoa. (Watu wangekuwa wanachomoa plagi na kusubiri iyeyuke, ningekosa nusu ya wateja.) Gesi ilipokwisha, kompresa ikaendelea kuzunguka na kuvuta maji ndani ya mabomba.

Saa 5. Tundu nimeziba, pampu inavuta. Geji ikashuka mbio, ikafika maikroni 4,600 hivi (kipimo cha presha ndogo), ikakwama. Dakika kumi. Ishirini. Dogo wangu akasema, "Fundi, pampu imechoka." Nikamshikisha kona ya chini ya bomba: baridi kali, linatiririka jasho. Mama akasogea.

"Umeshawasha?"

"Plagi hiyo hapo sakafuni, mama."

Humo ndani maji yanachemka bila moto. Presha ikishuka sana, hayangoji nyuzi 100, joto la Dar linatosha. Ila yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto la yanayobaki, nayo yanapoa mpaka yanaanza kuganda. Kwenye nyuzi 0.01 za Selsiasi na paskali 611 na ushee, ndizo zile maikroni 4,600 za geji, barafu, maji na mvuke vinakaa chungu kimoja, hakuna anayemfukuza mwenzake. Na maadamu vyote vitatu vimo, presha haiteremki: pampu ikinyonya mvuke, mwingine unatoka palepale. Ukilazimisha, maji yote yanakuwa barafu, nayo kuitoa ni kazi ya kutwa.

Nikazima, nikapuliza naitrojeni, nikaazima saluni ya jirani mashine ya kukaushia nywele, nikalipasha bomba. Nikavuta tena. Geji ikapita 4,600, ikaenda mpaka 500. Filta mpya, gesi, basi. Malipo: nusu hela, nusu vibua.

Saa 11 jioni, kibandani. Dogo anataka kuona kwa macho. Ninayo chupa nene ya maabara, nilipewa na mwalimu wa fizikia niliyemtengenezea friji. Huyo ndiye aliyeniambia kwamba nukta hiyo ya maji, barafu na mvuke kukaa pamoja, kelvini 273.16 (ndizo zile nyuzi 0.01), ndiyo iliyoshikilia kipimo cha joto duniani tangu 1954 hadi 2019. Tukatia kijiko cha maji, tukavuta. Yakatokota, yakarukaruka, kisha ukoko mweupe ukatanda juu huku mapovu yakiupasua kutokea chini. Dogo kamulika tochi ya simu, kimya.

"Sasa hapo yanachemka au yanaganda?"

"Yote."

Saa 12. Nafungua pampu: oili imekuwa nyeupe kama tui la nazi, imekunywa maji. Kesho dogo anaanzia Kariakoo kununua nyingine, kwa hela yangu.