Kamba ya mkonge pori: nilipofikia

Septemba, wikiendi ya kwanza

Lengo ni kamba ya mita 10 ya kumfungia mbuzi wa mama. Majani nimeyafuata Same, shambani kwa mjomba, ambako mkonge pori umejaa chini ya migunga. Si ule wa mashamba makubwa. Huu majani yake yamepangana kama upepeo uliofunguliwa, mazito, ncha kama sindano. Wamasai wanauita oldupai, na ndio uliolipa jina lile bonde la Ngorongoro ambalo wageni waliliandika Olduvai. Nimekata majani 40, ya nje tu, shina nimeliacha. Kwenye basi abiria mmoja alichomwa goti, nikaomba radhi mpaka Himo.

Wiki ya pili na ya tatu

Nimeloweka majani 20 kwenye pipa, ili nyama ioze nyuzi zibaki. Siku ya tano jirani akauliza kama kuna panya amekufa. Siku ya kumi na nne nikafungua: nyuzi zipo, lakini za kijivu, na ukivuta kidogo zinakatika. Nilichelewa. Vijidudu vikishamaliza nyama ya jani vinaendelea na uzi. Yote nimemwaga kwenye migomba.

Wiki ya nne

Nimekwenda Pasua, mtaa wa Moshi, kwa mzee mmoja wa Kipare anayesokota kamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona unanuka hivyo?"

Nikamweleza habari ya pipa. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua jani moja kati ya yaliyobaki. "Huu ndio mkonge wenyewe. Ule wa mashambani ni mgeni, kauchukulia mwenzake jina." Nami nikakumbuka kwamba ule uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale yalianzia hapo!

Njia yake haina pipa. Pasua jani kwa urefu, ligonge taratibu kwa rungu, lilaze juu ya ubao, kisha likwangue kwa panga butu kuanzia katikati kwenda nchani. Geuza, kwangua upande wa pili. Maji yake yanatoa povu kama sabuni, na yanawasha. Nimejikuna mpaka kwenye viwiko siku mbili. Ila uzi unaotoka ni mweupe, unang'aa, na ukishasuuzwa na kuanikwa unakuwa laini kuliko nilivyodhani.

Kilichonishangaza zaidi ni majani yenyewe. Yamekaa kivulini karibu mwezi tangu yakatwe, na bado yamejaa maji. Mmea huu mchana hufunga vitundu vyake vya kupumulia na kuvifungua usiku, jua likishazama, kwa hiyo haupotezi maji ovyo.

Oktoba

Majani 18 yamekwanguliwa. Kusokota nimefanya juu ya paja, jioni baada ya kazi: nyuzi mbili kila moja inazungushwa kwenda kulia, kisha zote pamoja zinaviringana kwenda kushoto, na zinashikana zenyewe bila fundo. Kila uzi ukikaribia kuisha unachomeka mwingine, lakini usichomeke pande zote mbili mahali pamoja. Hilo nimelijua baada ya kamba kukatika mara tatu.

Matokeo: mita 3 na shibiri moja. Nimening'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye mwembe usiku kucha, ikashika.

Nikipiga hesabu, mita 10 zinataka majani kama 60. Sitamkata mjomba majani 60. Yale mawili yaliyobaki nimeyakata vipande 20 vya sentimita 10 hivi, nikaviacha siku nne mikato ikauke, nikavichomeka kwenye mchanga. Mpwa wangu alinisaidia, na vinne alivipanda kichwa chini. Kipande kilichogeuzwa hakitoi mizizi, kwa hiyo tulivichomoa tukavitafuta juu na chini yake kwa kubahatisha.

Januari

Vitano vimeoza, kosa langu, nilimwagilia kila siku kama mchicha. Kumi na moja vina mizizi. Vinne vimekaa tu, na nashuku ni vile vinne. Jana kando ya kopo moja limechomoza chipukizi, urefu wa kidole gumba.

Mbuzi bado amefungwa kwa nailoni.