Mguu unaokanyaga breki isiyokuwepo

Leo ni wiki ya saba tangu ajali. Asubuhi nimekaa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, dada akiendesha. Hatukwenda mbali. Kila gari lilipotokea mbele yetu, mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu kwa nguvu, utadhani breki iko upande wangu. Dada aliuona. Hakusema kitu, alipunguza mwendo tu, na kwa hilo namshukuru sana.

Siku ya ajali sikulia. Nilijibu maswali, nikakumbuka hata kuchukua mkoba wangu. Watu wakanisifu kuwa nina moyo mgumu. Siku ya nne kikombe kilianguka jikoni kikavunjika, nami nikaketi chini kando ya vipande vyake, nikitetemeka mpaka meno yakagongana. Nikadhani nimerukwa na akili.

Kilichonitesa zaidi si woga, ni hasira. Nilimfokea mama kwa sababu ya mlango uliobamizwa na upepo! Mwenye woga huletewa maji, hushikwa mkono. Mwenye hasira hukimbiwa, na mimi mwenyewe niliionea haya. Mshauri nasaha ndiye aliyenieleza kuwa vyote viwili vina chanzo kimoja: mwili ulioponea chupuchupu hubaki ukilinda zamu, kila kishindo huumwagia adrenalini, homoni inayouandaa kukabili hatari, na adrenalini ni ya kukimbia na ya kupigana pia. Wiki za mwanzo hali hii huwapata wengi, na kwa wengi hupungua yenyewe. Ikizidi mwezi bila nafuu, ikakunyima usingizi au kukuzuia kufanya kazi, basi ni ya kutibiwa, na tiba ipo. Mimi mwezi umeshapita, kwa hiyo naenda kwake kila Alhamisi.

Usiku ndio mgumu. Nikishtuka usingizini naweka nyayo sakafuni, nausikia ubaridi wake, nataja kwa sauti ninavyoviona: dirisha, shuka, viatu. Pumzi naitoa polepole kuliko nilivyoivuta. Kuna siku inasaidia. Kuna siku nakaa hivyo hivyo mpaka kunakucha.

Juzi nilimwambia mama, "Mama, nikifoka, si kwa ajili yako. Ni kile kishindo."

"Najua, mwanangu," akasema.

Tangu hapo namwona akifunga milango kwa mikono miwili, taratibu. Na dada amesema kesho tutafika mpaka ile njia panda, nikitaka.