Nilivyomwambia mwanangu kuwa anaishi na VVU

Kijana ninayemzungumzia ni wa marehemu dada yangu, lakini mama anayemjua ni mie. Alizaliwa na VVU. Dada hakuwahi kupimwa alipokuwa mjamzito, akajifungulia nyumbani, huku kwetu kaskazini ya Pemba, na alipofariki mtoto alikuwa bado ananyonya. Nilimpeleka hospitali kwa sababu hakuwa akinenepa, na huko ndiko tulikojua.

Miaka ya mwanzo haikunisumbua sana. Mtoto mdogo unampa dawa, anakunja uso, anakunywa, basi. Mambo yalibadilika alipopata akili ya kuuliza kwa nini wenziwe hawanywi. Bibi yake alimwambia ni dawa ya kifua, na kwa muda jibu lile lilimtosha. Kisha siku moja nikasafisha choo cha nje nikavikuta vidonge vimechomekwa kwenye makuti ya paa, kimoja kimoja, vimeshalainika kwa unyevu. Nilipomuuliza hakunificha. "Mama, kifua changu hakiumi."

Alikuwa na haki. Nani anywe dawa kila siku ya ugonjwa asiouona?

Mshauri nasaha wa kliniki alikuwa ameshanidokezea kwamba mtoto wa umri wa skuli anatakiwa aambiwe hali yake. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri hivyo: kidogo kidogo, kulingana na akili yake, asije akajulia ukubwani au barazani kwa watu. Ndugu zangu hawakutaka. Kaka yangu mkubwa alisema mtoto ataropoka, na aila nzima itaaibika.

Sikumlaumu, najua hofu ile inatoka wapi. Wagonjwa wa mwanzo Zanzibar waligunduliwa mwaka 1986, na mpaka leo maambukizi kwa watu wote ni chini ya asilimia 1. Ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini kwa mtoto anayeishi nayo uchache huo ni upweke. Hajui mwengine kama yeye. Huku kila mtu anajua mtoto wa nani kaonekana wapi, na bado wako wanaoyataja maradhi haya na zinaa kwa pumzi moja. Ndiyo maana niliona lazima asikie kwangu mwanzo, kabla hajasikia kwao.

Nilianza na mpunga. Alikuwa akienda kuamia ndege bondeni kama watoto wote wa hapa. Nikamwambia kwenye damu yako kuna vitu vidogo vinaitwa virusi, navyo ni kama wale ndege. Hawaondoki, wako juu ya miti siku zote, lakini ukiwepo wewe bondeni hawashuki. Dawa ndiyo inayoamia. Siku usiyokunywa, umeliacha bonde. Neno VVU sikulitaja. Nilimwachia hilo alitafune, na vidonge vikaacha kwenda kwenye makuti.

Jina lenyewe nililitaja msimu wa karafuu. Ule ndio wakati mzuri kwetu wa kuzungumza, maana usiku mnakaa kwenye mkeka mnachambua, karafuu huku, makonyo kule, macho yako chini na mikono ina kazi. Bibi yake alikuwa ameshalala. Nikamwambia, "Wale virusi tuliowazungumza wanaitwa VVU. Umezaliwa nao. Hukufanya kosa lolote."

Hakuacha kuchambua. Alikaa kimya mpaka nikaona fungu lake limechanganyika, makonyo yameingia kwenye karafuu. Halafu akauliza, "Mama yangu alifanya nini?"

Swali hilo nilikuwa nimejitayarisha nalo, na nakushauri nawe ujitayarishe nalo kuliko mengine yote. Nilimjibu kuwa mama yake alikuwa mke wa mtu, ndani ya nyumba yake, na hakujua. Angepimwa akajua, angekunywa dawa. Baba yake sikumtia kwenye maneno. Sijui virusi viliingiaje nyumba ile, na mtoto hahitaji mtu wa kumchukia. Akauliza tena, mbona dada yake mkubwa hana? Nikamweleza kama nilivyoelezwa kliniki: mama asiyetumia dawa si lazima amwambukize mtoto. Hatari ni kati ya asilimia 15 na 45, tumboni, wakati wa kuzaa na kwa kunyonyesha. Kwa dawa inashuka chini ya 5.

La mwisho usiku ule lilikuwa, "Nani anajua?" Nikamhesabia kwa majina, na nikamwambia kuanzia leo mwengine yeyote ataambiwa kwa ruhusa yake yeye. Nimelishika neno hilo. Hata mwalimu wake alijua pale tu yeye alipotaka ajue.

Siku ya kliniki iliyofuata alinishangaza: alitaka kuona mtu anavyopimwa. Nikaomba nipimwe mie mbele yake, na nesi akakubali. Akanichoma ncha ya kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo na matone ya maji yake juu, tukasubiri kama robo saa. Kijana aliinama juu ya kile kipimo hata nesi akamwambia asiguse. Ukatokea mstari mmoja, wa kuonesha kuwa kipimo kinafanya kazi. Nesi akamfafanulia kuwa mstari wa pili ukitokea mtu hapewi jibu hapohapo, damu hurejewa kwa kipimo cha aina nyengine kwanza. Na aliyejihatarisha wiki za karibuni hurudi kupima tena baada ya miezi 3, kwani kipimo kinaweza kuwa bado hakijaona kitu. Naamini robo saa ile ilimtoa hofu kuliko maneno yangu yote, maana alikiona kitu chenyewe, kidogo, cha plastiki, juu ya meza.

Kilichomnyanyua zaidi ni wenziwe. Kliniki inawakusanya vijana siku ya peke yao, na ZAPHA+, jumuiya ya watu wanaoishi na VVU Zanzibar, ndiyo iliyonifungua macho kwamba wako wengine. Mara ya kwanza alikaa karibu na mlango. Alirudi ananisimulia kuna kijana anacheza mpira, namba tisa, na anakunywa kidonge kilekile.

Kidonge sasa ni kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani, tangu alipofikisha kilo 30. Tulichagua saa tatu usiku kwa makusudi, ili Ramadhani ikiingia kisibadilike kitu: anafuturu, anasali, anakunywa, na kufunga anafunga. Kupima wingi wa virusi ni angalau mara moja kwa mwaka, na majibu ya karibuni yamesema havionekani.

Sasa anajitayarisha kwenda dakhalia, yaani skuli ya bweni, na maswali yamekuwa ya kiume. Juzi kaniuliza kama ataoa. Nilimpeleka kwa daktari akaulize mwenyewe, mie nikabaki nje. Alipotoka alinieleza njia nzima: akinywa dawa sawasawa na virusi vikabaki havionekani, hamwambukizi mkewe kwa tendo la ndoa, na watoto watazaliwa salama. Lakini mke lazima aambiwe kabla ya nikaha, hilo alilisema yeye kabla sijalisema. Nikamuuliza atamwambia vipi. Akasema bado ana miaka mingi ya kufikiri, kwanza anataka sanduku la chuma lenye kufuli, dogo, la kuwekea dawa huko bwenini. Jumamosi tunakwenda Chake kulitafuta.