Mwaka wa saba tangu saratani ilipofika kichwani

Nilikohoa kwa miezi mingi kabla mtu yeyote hajataja saratani. Mwaka 2018, katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam, picha yangu ya kifua ilisomwa kuwa ni kifua kikuu, nikameza dawa za TB miezi sita ingawa makohozi hayakuwahi kuonyesha vimelea. Na kwa kuwa sijavuta sigara maishani, sikuwa na wazo la kuhoji. Januari 2019 nilianguka kituo cha daladala cha Mwenge, mwili mzima ukitetemeka. Picha ya MRI ilionyesha madoa matatu kwenye ubongo, na picha ya CT ya kifua ikaonyesha yalikotoka: saratani ya pafu.

Daktari aliyenipokea alikataa kuniwekea dripu za kemo, dawa kali za saratani, siku hiyohiyo. "Mzee, kwanza tujue jeni," alisema. Kinyama kilichukuliwa kwenye pafu, kikapelekwa India, tukasubiri wiki tatu huku deksamethasoni ikipunguza uvimbe kichwani. Maumivu yalitulia ndani ya siku mbili, lakini sukari ilipanda na nikawa nakula kama fundi mwashi. Majibu yalionyesha mabadiliko katika EGFR, jeni ambayo ikibadilika huchochea saratani kukua; mabadiliko hayo hupatikana zaidi kwa wasiovuta sigara. Nikaanzishiwa osimertinibu, kidonge kimoja cha miligramu 80 kwa siku, dawa inayozuia kazi ya jeni hiyo na yenye uwezo mzuri wa kupenya hadi kwenye ubongo. Mionzi ya kichwa kizima iliwekwa akiba, kwa sababu huweza kudhoofisha kumbukumbu. Baada ya miezi mitatu madoa mawili hayakuonekana tena.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutoruka kidonge, nayo ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Niliuza kiwanja cha Chanika, na ndugu wakaanza kuchanga kila mwezi. Aprili 2020, ndege za abiria za kimataifa ziliposimamishwa nchini, nami dawa yangu ikitoka nje, nilikuwa na vidonge kumi na kimoja, navihesabu kila usiku kana kwamba vingezaana. Mama mmoja wa Kinondoni, mgonjwa mwenzangu, aliniazima kumi kwa idhini ya madaktari wetu, na mzigo ukafika siku tatu kabla havijaisha. Tangu hapo sikai bila akiba ya miezi miwili.

Hatari nyingine ilitoka mahali nisipopategemea. Kifafa kile cha Mwenge kiliporudi, zahanati moja iliniandikia kabamazepini, dawa ya kifafa, nami nikaenda kuinunua. Mfamasia aliposoma orodha ya dawa zangu alinisimamisha: dawa hiyo hulifanya ini livunje osimertinibu haraka, hivyo kidonge ninachokigharamia kingepungua nguvu. Daktari wangu alinibadilishia levetirasetamu, dawa ya kifafa isiyo na tatizo hilo. Orodha hiyo sasa inakaa nyuma ya kitambulisho changu cha NIDA.

Mwaka 2022 doa la tatu lilianza kukua. Nilikwenda Chennai, India, kupigwa mionzi ya kulenga doa hilo pekee, kazi ya siku moja, kisha nikaendelea na kidonge kilekile kwa kuwa kwingine kote kulikuwa kimya.

Gari niliuza, kwani mwenye kifafa kama changu hafai kushika usukani, natembelea bajaji. Kucha huvimba pembeni kiasi kwamba vifungo vya shati hunifungia mke wangu. Wiki moja kabla ya kila MRI sipati usingizi, na yeye amezoea kunikuta sebuleni saa tisa usiku. Ya safari hii ni Jumanne. Ameshaweka nauli ya bajaji juu ya kabati na kunikumbusha nivae shati lisilo na vifungo.